Mwanangu kapona ajali, shuleni wanasema kawa mjeuri

Anti shikamoo,

Naandika nikiwa gengeni kwangu hapa Kihonda, Morogoro, jua kali wateja hamna, nikasema leo nikuandikie mana nimelibeba hili jambo peke yangu muda mrefu.

Nna mtoto wa kiume miaka 14, yuko fomu one shule ya kata. Mwezi wa tatu alikua anatoka tuisheni, wakapanda boda mishikaki yeye na mwenzake, helmeti hamna, wakagongana na kirikuu. Mwenzake kavunjika mkono basi. Wangu alipiga kichwa kwenye ukingo wa mtaro. Usiku uleule tukapewa rufaa kwenda Dar, siku tisa hajitambui, wakafungua fuvu kutoa damu iliyovilia, we acha tu. Mwezi wa tano tukarudi nyumbani. Namshukuru Mungu anatembea, anaongea, anakula, nywele zimeota zimeficha kovu, ukikutana nae njiani huwezi kujua kama huyu mtoto tulishaanza kumlilia.

Muhula wa pili mwezi wa saba karudi shule, hapo ndo balaa lilipoanza. Huyu mtoto kabla ya ajali alikua wa pili darasani, mtihani wa juzi kawa wa 87 kati ya 112. Analala darasani kila siku kuanzia vipindi vya saa tano. Ukimtuma dukani sukari na sabuni unamkuta kakaa kwenye ngazi ya jirani, hela kaishika mkononi, ukimuuliza anakwambia "mama ulisema nini vile?" Hasira za ghafla, mdogo wake akigusa kitu chake anarusha sahani. Wiki iliyopita mstarini wakati wanaimba wimbo wa taifa akacheka kwa sauti, yani kicheko kabisa, mwalimu wa zamu akamchapa fimbo sita mbele ya shule nzima. Nilipomuuliza ulikua unacheka nini akasema hajui.

Juzi nikafungua daftari lake la Kiswahili. Tarehe kaandika vizuri, kichwa cha habari kakipigia mstari kwa rula kama zamani, chini yake kaandika "Sifa za lugha ni", halafu tena "Sifa za lugha ni", mara ya tatu "Sifa za", basi, ukurasa wote mweupe. Nililia anti.

Nimeenda shule mara tatu. Mwalimu wa darasa anasema mtoto kadeka kwa kuwa aliumwa, kwanza fomu one wote wanahangaika na Kingereza. Hedimasta nikampa kadi ya hospitali, kaisoma kasema mama hapa wameandika aliruhusiwa hali yake nzuri, sasa kama unaona ana tatizo mtafutie shule maalumu sisi hatuna wataalamu. Mwingine akasema arudie tu fomu one mwakani. Mme wangu yuko Dodoma kwenye ujenzi, yeye kwenye simu anasema mtoto wa kiume akibembelezwa anaharibika. Mama mkwe ndo kabisa, anasema kuna mtu kamchezea, anataka ampeleke Kilosa kwa mtu anaemjua.

Na cha kunichanganya zaidi, nyimbo zote za darasa la tano anazo kichwani, tebo ya kumi na mbili anaimwaga yote bila kukosea! Ila cha jana hakumbuki. Kuna muda na mimi nawaza labda kweli anaigiza.

Nimuhamishe? Arudie darasa? Au nikubali tu kwamba shule basi? Nisaidie anti.

Mama wa Kihonda

*

Marahaba mdogo wangu, pole sana.

Nianze na aibu yangu kwanza. Nilipokua mwalimu kijana nilikua na mwanafunzi aliyeanguka kwenye mnazi akakaa nyumbani miezi miwili, akarudi, akawa analala kwenye kipindi changu. Nilimchapa. Nilimchapa zaidi ya mara moja, na nilikua nikiamini kabisa namsaidia. Nilikuja kuelewa nilichokua nafanya miaka mingi baadae nilipoenda kusomea elimu maalumu, na huyo kijana alishaacha shule zamani akawa anauza maji stendi. Kwaiyo walimu wa mwanao sio mashetani. Hawajui, kama mimi nilivyokua sijui, mana chuo cha ualimu cha kawaida mambo ya mtoto aliyeumia ubongo unaweza usiyasikie kabisa, unafundishwa juujuu kuhusu wasioona, viziwi, wenye ulemavu wa akili, basi imetoka hiyo.

Sasa hilo la tebo ya kumi na mbili ndo ushahidi wako mkubwa kuliko kadi ya hospitali, ila we umelisoma kinyume. Ubongo ukiumia hivi, vitu vilivyoingia zamani mara nyingi vinabaki salama, kinachopata shida ni kuingiza vipya. Ya darasa la tano alishayaweka ndani kabla ya ajali, ya jana ndo yanakosa pa kukaa. Mtu anayeigiza anasahau yote au anasahau yanayomchosha, hasahau sukari ambayo chai yake mwenyewe inaisubiri. Mwambie mwalimu wa darasa hivyohivyo, kwa mfano huohuo wa tebo, ataelewa haraka kuliko ukimwambia habari za damu kuvilia.

Na hiyo ya Kingereza, mwalimu yuko sahihi nusu. Ni kweli fomu one wote wanahangaika wakitoka msingi kwa Kiswahili halafu ghafla kila kitu Kingereza. Lakini wenzake wanahangaika na kichwa kizima. Yeye kaanza kuhangaika na lugha mpya mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu kapasuka, kwaiyo anatakiwa kuingiza lugha mpya na masomo mapya kwa kutumia kilekile kilichoumia. We mwenyewe umeona hata daftari la Kiswahili kaandika mara tatu akaishia njiani, sasa hapo Baiolojia kwa Kingereza itakuaje.

Kulala saa tano sio uvivu. Chukulia simu yenye betri mbovu, asubuhi inasoma asilimia mia, ukipiga simu mbili imezima. Vitu ambavyo mwenzake anafanya bila kufikiri, kama kumsikiliza mwalimu huku ananakili ubaoni huku watoto mia moja wanakohoa na kusogeza madawati, yeye anavifanya kwa nguvu, anaisha. Kicheko cha mstarini na sahani iliyoruka ni breki. Sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso, ndo inayotuzuia tusicheke msibani na tusimrushie mtu kikombe, na ajali za boda zinapenda sana kuiumiza hiyo sehemu. Ndo mana alikwambia hajui alikua anacheka nini. Hajui kweli.

Hospitali ndo uanze, kabla ya shule. Kadi uliyonayo imeandikwa na daktari kwa ajili ya daktari mwenzake, "hali nzuri" kwao maana yake hafi na anatembea. Rudi kliniki, ukifika usiseme tu "bado hajakaa sawa", sema shuleni yanatokea haya na haya, nenda na lile daftari la Kiswahili kabisa wakalione, kisha omba barua ya shule. Barua fupi, iseme mtoto aliumia ubongo tarehe fulani, alifanyiwa upasuaji, na kwa sababu hiyo anachoka mapema, kumbukumbu ya vitu vipya ni dhaifu na kujizuia ni kugumu. Hayo maneno matatu ndo unayoyataka, kuchoka, kumbukumbu, kujizuia, yawe kwenye karatasi yenye muhuri. Ukiwa hukohuko waombe wapime macho na masikio, mana kuna watoto wanaonekana hawasikilizi kumbe sikio moja liliondoka na ajali, na uulize kuhusu idara ya utengamao, wale wa mazoezi, wengine wana mtaalamu wa kuangalia namna mtoto anavyofikiri na kupanga mambo, sio viungo tu. Muulize daktari pia habari za kifafa. Kinaweza kuja baada ya kichwa kuumia hata miezi mingi imepita, na mara nyingine sio cha kuanguka na kutoka povu, ni kukodoa macho kidogo tu kama mtu aliyehama, mwalimu anaona jeuri. Na akianza kichwa kuuma kinachozidi siku hadi siku, kutapika, au usingizi ambao humuamshi, hiyo sio kesho, ni saa hiyohiyo hospitali.

Ukishapata barua ndo unaenda shule, na safari hii hauendi kulalamika. Mara tatu umeenda na machozi, hedimasta akiona mama analia anatafuta namna ya kumtoa ofisini, ndo ukaambiwa shule maalumu. Nenda na barua yako imechapwa, nakala mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Anza na mwalimu wa malezi kama yupo, mara nyingi ndo mwenye moyo, aingie na wewe ofisini. Halafu usiombe "msaada", mana hilo neno kwa mkuu wa shule maana yake hela na wataalamu ambao hana. Omba vitu vidogo anavyoweza kusema ndio palepale. Mimi ningeandika hivi:

"Mwanangu wa kidato cha kwanza aliumia ubongo kwa ajali mwezi Machi, barua ya daktari nimeambatanisha. Naomba kwa majaribio ya wiki nane: akae dawati la mbele, mbali na mlango. Maelekezo apewe moja moja, na arudie kwa mdomo wake kabla ya kuanza. Baada ya kila vipindi viwili apumzike dakika 15 ofisi ya malezi. Nukuu anakiliwe na mwenzake. Majaribio ya ndani apewe muda wa ziada. Asichapwe kwa kusahau, kusinzia au kucheka, nipigiwe simu mimi. Baada ya wiki nane tukae tuangalie kilichosaidia."

Hayo maneno "kwa majaribio" usiyatoe. Mkuu wa shule anaogopa kukubali kitu cha milele, wiki nane hata mkaidi anakubali. Na hiyo ya nukuu nunua karatasi za kaboni stationery, zile za bluu, rafiki yake anaeandika vizuri anaweka chini ya karatasi yake, akimaliza anachana ya pili anampa mwanao. Hapo mwanao anakaa anamsikiliza mwalimu badala ya kupigana na ubao. Nilitumia hii na mtoto mmoja kwa mwaka mzima, na huyo rafiki mwandiko wake ukawa mzuri kweli kwa kujua kuna mtu anamsoma.

Kuhusu zile fimbo sita. Kanuni za viboko zipo tangu 1979, anaechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye daftari la adhabu. Sita mstarini kwa mwalimu wa zamu haipo popote. Ningekua mimi siku ya kwanza nisingeanza nalo hili, ningeliweka mfukoni, ukilitoa mwanzo walimu wote wanaungana dhidi yako. Ila akichapwa tena baada ya barua ya daktari kupokelewa, hapo litoe, na ulitoe kwa maandishi.

Hedimasta akikwambia tena "shule maalumu", mwambie kwa upole kwamba Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma shule ya kawaida sawa na wenzake, na serikali yenyewe ina mkakati wa taifa wa elimu jumuishi ulioanza 2021/22, haujaandikwa kwa ajili ya shule maalumu peke yake. Asipoelewa unapanda halmashauri, uliza ofisi ya afisa elimu sekondari nani anashughulika na elimu maalumu, yupo, mtoto apimwe mahitaji yake kielimu na ripoti irudi shuleni. Hapa jiandae kidogo, mana hata huko unaweza kukuta fomu ina asiyeona, kiziwi, ulemavu wa akili, viungo, usonji, na mwanao haingii popote. Wasimuandike ulemavu wa akili kwa kuwa ndo kisanduku cha karibu, kataa, sema aandikwe aliumia ubongo kwa ajali na barua ya daktari iambatane. Marekani hili kundi walilipa jina lake kabisa kwenye sheria ya elimu maalumu mwaka 1990, sisi bado tunawabandika kwenye majina ya watu wengine. Na kuna walimu waliosomea elimu maalumu, wengine wametoka Chuo cha Patandi kule Arusha, wamepangiwa shule za kawaida na hakuna anayewatumia, uliza kama kata yenu au ya jirani yupo mmoja, hata kama ni wa msingi. Kikao kimoja cha saa moja na walimu wa mwanao kinatosha kubadilisha mengi.

Shule maalumu na vitengo vingi tulivyonavyo vimejengwa kwa watoto wa aina nyingine. Mwanao akienda atakuta lugha ya alama au masomo ya chini sana kuliko anachokijua, ataona ametupwa. Kurudia fomu one silikatai moja kwa moja, ila kurudia bila kubadilisha kitu ni kumpa mwaka mwingine wa kulala saa tano. Fanya hizo wiki nane kwanza. Ukiona na mabadiliko yote bado ameachwa mbali, hapo kurudia kuna maana, tena ni bora arudie sasa kwa kupanga kuliko kurudishwa na upimaji wa kidato cha pili, mana ule usipofaulu unarudia na mtoto anajua karudishwa.

Na huo upimaji uanze kuuwaza leo. NECTA, baraza la mitihani, wanaelekeza watahiniwa wenye mahitaji maalumu waongezewe muda, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa masomo mengine. Mtihani wa saa mbili na nusu wa Historia anapata dakika 25 juu, kwa mtoto wako hizo ni swali zima. Lakini mahitaji yake yanatakiwa yajulikane tangu shule inasajili watahiniwa, sio unakuja na barua asubuhi ya mtihani. Ndo mana nakusumbua na mihuri.

Nyumbani, mnunulie kale kadaftari kadogo ka mfukoni na peni aifunge kwa kamba. Kila unachomtuma anaandika yeye, sio wewe. Sukari, sabuni, 3,000. Mwanzo atakasirika. Akitoka shule asiguse daftari kabla hajalala saa moja, tuisheni sitisha kwa sasa kabisa, najua inauma kwa mtoto aliyekua wa pili. Kazi ya nyumbani nusu saa, apumzike, nusu saa nyingine, kisha basi, simu usiku asiwe nayo. Mpira wa kupiga vichwa hapana, na boda bila helmeti hapana hata kwa dharura, kichwa kilichoumia mara moja kikigongwa tena kinaumia vibaya zaidi.

Mama mkwe usigombane nae. Aombe, tena aje aombe hapo nyumbani, ila mtoto haendi Kilosa, hafungi kula na dawa hazikatizwi, hasa kama amepewa za kuzuia kifafa, hizo zikikatwa ghafla ni hatari. Mme wako mtumie picha ya ule ukurasa wa daftari. Usiandike neno, tuma picha tu. Kisha subiri apige.

Halafu kuna kitu hujaniuliza. Unamlinganisha na yule wa mwezi wa pili kila siku, na yeye anakuona unavyomuangalia. Sikwambii atarudi alivyokua, sijui na daktari mkweli hatokwambia anajua. Miezi ya mwanzo wanapanda haraka, baadae polepole lakini bado wanapanda, ni miezi sita tu hii tangu ajali. Na uwe tayari, masomo yakiwa magumu fomu three yanaweza kujitokeza mengine ambayo sasa hivi hayaonekani, ikitokea usidhani kaumia upya, barua ya daktari unaomba mpya kila mwaka.

Nisisahau, PF3, ile fomu ya polisi, unayo? Na namba ya ile kirikuu? Hiyo ni habari ya bima, sio kazi ya safu hii, ila tafuta mtu wa sheria akuangalizie mapema kabla muda haujapita.

Niandikie ukishagongewa muhuri, na uniambie mme wako alipiga saa ngapi.

Anti